Wakikusaka, Wanapata Nini?

Kuna geti iko Utawala, ukitoka Eastern Bypass unaingia ndani kidogo, yenye imefanya watu wengi wapunguze mwendo. Ni nyeusi, ya milango miwili, na kwa kila mlango kuna twiga amekatwa kwa chuma. Ukifunga geti, hao twiga wanakutana shingo. Wana magoti, wana kope, na jioni jua likiwa nyuma yao vivuli vinalala kwa barabara ni kama wamechoka na safari. Nimeona msee wa nduthi akisimama hapo na kastoma nyuma, wote wawili wakatoa simu wakapiga picha.

Kitambo ukiuliza hapo mtaani ni nani aliichomelea, hakuna mwenye alikuwa anajua. Mwenye ploti alikuwa anakumbuka tu ni fundi fulani wa Kariobangi. Namba yake ilikuwa kwa simu yenye wakora walimnyang'anya kwa steji.

Mimi huyo fundi namjua. Ni jirani ya mathe tangu nikiwa darasa la tatu, na karakana yake iko Kariobangi Light Industries, pahali sisi tunaita tu Light, kwa ile laini ya nyuma yenye kelele ya grainda hainyamazi mpaka stima ipotee. Huyo mzae ana mikono. Amefundisha vijana kama kumi kuchomelea, na wengine wao saa hii wako na karakana zao. Lakini kuna miezi nimempata hapo amekaa kwa stuli, chai imepoa, anangoja broka amletee kastoma ndio broka akule nusu ya faida. Nikamchapia venye watu wanapiga picha twiga wake. Akatabasamu kidogo, akaniambia, "Kijana, kizuri chajiuza. Kibaya ndio hujitembeza."

Nilikaa na hiyo methali wiki nzima, juu ni ya ukweli na bado haikuwa inamlisha. Twiga wa Utawala walijiuza kitambo. Walijiuza kwa msee wa nduthi, kwa kastoma wake, kwa kila mwenye alipunguza ndai. Mushkila ni kwamba mtu akishanunua kwa roho, hakuna pahali pa kupeleka doo. Hakuna jina, hakuna namba. Kazi iko, mnunuzi yuko, na kati yao kuna giza.

Hiyo giza ndio nataka tubonge juu yake. Sitaki kukufundisha kusaka wafuasi elfu kumi. Najua wasee wako na wafuasi wengi na bado landilodi amefunga keja na kufuli yake.

Nai ya saa hii mtu anakusaka kabla akupigie. Landilodi wa Umo akitaka geti haendi Light kuzunguka na jua. Anaandika kwa simu "fundi wa mageti Kariobangi", anaangalia wale watatu wa kwanza, anaona picha, anasoma venye wengine wamesema, halafu anapiga. Mdosi akipokea CV yako, jina lako linaingia kwa Google kabla wewe uingie kwa ofisi yake. Hata mama wa chama, kabla atume dipoziti ya mahema na viti, anatafuta kwanza kama hiyo kampuni ipo ama ni stori za jaba. Kwa hivyo mimi kila mtu nikikutana naye namuuliza tu hiyo kitu moja: wakikusaka, wanapata nini?

Jumamosi moja tukakaa na fundi, tukamsaka. Tukapata ukurasa wa Facebook wenye jina la karakana yake, picha moja ya wilibaro, na namba ya simu yenye alitupa kitambo. Akashangaa. Halafu akakumbuka. Kulikuwa na kijana wa saiba alimlipa soo tano amfungulie huo ukurasa. Kijana alitumia imeli yake mwenyewe, nywila akakaa nayo, na baadaye akaishia Gulf kutafuta riziki. Ukurasa ukabaki hapo kama duka yenye mwenyewe amehama na kibao hakijashushwa. Watu walikuwa wanapiga hiyo namba, na sijui ni nani alikuwa anashika.

Hapo ndipo nilianza naye, na hapo ndipo ningependa kila msee aanze. Fungua imeli ya biashara mwenyewe, na simu yako, na nywila yenye unajua wewe. Andika hiyo nywila kwa kitabu uweke kejani pahali salama. Washa ile ulinzi ya hatua mbili. Mtu akikupigia akuambie umetumiwa kimakosa namba za siri sita kwa meseji, umsomee, usimsomee hata akilia, juu hizo namba ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Kijana akikusaidia kuposti mpe ruhusa ya kuposti, mwenye nyumba ubaki wewe. Nimeona biashara mbili zikianza upya kabisa juu ya kukosana na binamu mwenye alikuwa na nywila.

Baadaye tukaingia kwa ramani. Wengi wanadhani kuwa kwa Google Maps ni ya mahoteli na supamaketi. Zii. Karakana ya mabati inaingia, kinyozi anaingia, mama wa chapo anaingia, na Google hawakuchaji hata ashu. Unaweka jina, aina ya kazi, masaa ya kufungua, namba, na picha. Halafu wanataka uthibitishe ni wewe kweli, na siku hizi mara nyingi wanakuitisha video. Video yenyewe haifai ikatwe katikati. Inafaa ionyeshe barabara na majirani, ionyeshe kibao na vyombo vya kazi, na ionyeshe ni wewe mwenye duka, kama kufungua mlango na ufunguo wako.

Hiyo video ilinigusa kuliko nilivyotarajia. Mimi nilishika simu, fundi akatangulia. Akapita kwa muuza makaa, kwa wale wasee wa kuyeyusha aluminiamu, akafika kwa mlango wake, akatoa bunda ya funguo mfukoni, akafungua kufuli. Akaonyesha mashine ya kuchomelea, akaonyesha meza yenye alitengeneza mwenyewe mwaka wa kwanza akiwa Light. Hakuwa ameambiwa aseme kitu, lakini akasema: hapa ndipo mimi hufanya kazi. Miaka yote hiyo hakuna mtu alikuwa amemuuliza kwa heshima athibitishe kazi yake. Siku kadhaa baadaye meseji ikaingia kwamba amekubaliwa, na akaniomba nimsomee mara mbili.

Picha ndio zilitukula wakati mwingi. Nitakaa hapa kidogo juu hapa ndipo wasee wengi wa Isto wanajiangusha. Kazi ni fiti, picha ni ya gizani, imepigwa na lenzi yenye mafuta ya viazi, na kwa pembeni kuna ndoo na mguu wa mtu. Kastoma hajui wewe ni fundi mzuri mwenye picha mbaya. Anaona tu kazi mbaya. Sasa sisi tukajipanga hivi: lenzi inapanguswa na kitambaa safi kabla ya kila picha. Geti inatolewa nje ya karakana, inaegemezwa ukuta, asubuhi kabla jua liwe kali. Picha moja ya mbali ndio ukubwa uonekane, na kijana wa mkono asimame kando ndio ujue ni futi ngapi. Picha moja ya karibu kabisa, pale vyuma viwili vimeungana, juu mtu anajua vyuma akiona huo mshono hana maswali mengine. Na picha ya mwisho ni geti ikishawekwa kwa nyumba ya mwenyewe, baada ya kumuomba ruhusa, namba ya nyumba isionekane.

Tulirudi Utawala pia. Mwenye ploti akafurahi sana kumwona fundi, wakagoteana, akatuwekea chai. Twiga wakapigwa picha saa kumi na moja jioni, na hao ndio wako mbele kwa kila kitu yake mpaka leo.

Kitu ingine nilimwomba aache ni kutegemea tu status. Fundi alikuwa anaweka kila geti kwa status ya WhatsApp, kazi safi kabisa, na baada ya masaa ishirini na nne imepotea. Tena wenye wanaona status ni wale wako na namba yake tayari, yaani mathe, mimi, na watu wa kanisa. WhatsApp Business, ile ilitoka 2018, iko na katalogi. Hapo picha inakaa, na maelezo na bei vinakaa, na linki yake unaitumia mtu mwenye hata hakujui. Tukapanga kumi na mbili za kwanza: mageti, grili za dirisha, ngazi, vitanda vya chuma. Meseji ya kukaribisha tukaiandika kwa Kiswahili rahisi, na masaa yake ya kazi.

Bei tulibishana. Yeye, kama wafanyabiashara wengi wa hii Kanairo, alikuwa anataka kuandika "njoo inboksi". Aliogopa majirani wa Light wajue bei yake wamkatie chini. Namwelewa. Lakini mimi nikiona "njoo inboksi" najiuliza kama bei inapangwa kulingana na venye nimevaa. Manzi wa ofisi mwenye ako na dakika kumi za lanchi hataingia inboksi ya mafundi watano kuuliza. Ataenda kwa yule ameandika. Tukakubaliana kuandika "kuanzia": geti ya kawaida ya futi kumi kuanzia hivi, dizaini ya kukata kwa mkono kuanzia vile, usafiri kando. Bei ikipanda na chuma kupanda, anabadilisha asubuhi moja akiwa kwa mat. Majirani waliona, ndiyo. Na wawili wakaanza kuandika zao pia.

Halafu jina. Kibao kilikuwa kinasema kitu moja, risiti kitu ingine, na M-Pesa ilikuwa inatoa jina lake la kitambulisho lenye kastoma hajawahi kusikia. Mtu akiwa anatuma dipoziti ya ngiri ishirini halafu aone jina geni, kidole kinasimama, na sio kwa ubaya, ni juu tumekonwa sana. Akaandikisha jina la biashara kupitia eCitizen, akachukua tili ya Lipa na M-Pesa kwa hilo jina, na sasa hilo hilo ndilo liko kwa kibao, kwa ramani, kwa katalogi, kwa risiti. Kastoma akilipa anaona kenye aliona akisaka. Hiyo peke yake imempunguzia simu za kuulizwa "ni wewe kweli?"

Siku ya kwanza alipata nyota mbili alinipigia akiwa moto. Kastoma alikuwa ameandika kwamba kazi ilichelewa wiki mbili. Fundi alitaka kumjibu kwa maneno ya Light, na hayo maneno siwezi kuyaandika hapa. Nikamuuliza kama ilichelewa kweli. Ikanyamaza kidogo upande ule, akasema ndiyo, stima ilipotea na kijana wake akagonjeka. Basi tukaandika hivyo: ni kweli tulichelewa, sababu ni hii, samahani, na kukiwa na marekebisho yoyote nitakuja bila malipo. Yule kastoma hakubadilisha nyota zake. Lakini mama mmoja wa Donholm alipokuja kuagiza grili alituambia alichagua fundi juu ya hilo jibu, sio juu ya zile nyota tano. Alisema mtu mwenye anakubali makosa hadharani hatamkimbia. Tangu siku hiyo nimekataa kabisa ile tabia ya kuandikisha mabinamu wakuwekee sifa za uongo. Watu wanazinusa, na Google wakizigundua wanazifuta.

Sasa kwa upande wa wenye wanatarmaki, acha nibonge kuhusu sista yangu wa mwisho. Alimaliza diploma ya manunuzi na stoo, akafanya atachmenti ya miezi mitatu kwa godauni fulani Mombasa Road, halafu akakaa kejani mwaka mzima na miezi. Kila asubuhi alikuwa anatuma CV. Hiyo hali inakula mtu pole pole. Anaanza kuchelewa kuamka, anaacha kubonga mezani, mathe anaogopa kumuuliza. Nikimkumbuka vile alikuwa anaficha simu nikiingia, bado inaniuma, juu hakuwa mvivu hata siku moja. Alikuwa anafanya kazi ya kutafuta kazi masaa mengi kuliko mimi nilivyokuwa nikifanya kazi yangu.

LinkedIn alikuwa nayo. Chini ya jina lake alikuwa ameandika kwamba ni mhitimu mwenye bidii anatafuta nafasi yoyote. Nikamwambia hebu jifanye wewe ndiye mdosi wa godauni, unataka mtu wa stoo kufikia Jumatatu, unaandika nini kusaka? Akasema, "Mtu wa stoo mwenye anajua Excel." Basi hilo neno "Excel" liko wapi kwako? Neno "stoo" liko wapi? Hapo chini ya jina wanakupa herufi 220, na ndizo mtu husoma kabla ya kitu ingine yoyote. Tukafuta, tukaandika anachojua: kuhesabu stoo, kupokea mzigo, kuandika LPO, Excel, na mji alioko. Maneno ya kazi yenyewe. Bidii aliiacha ijionyeshe.

Lakini mtu wa stoo hana twiga wa kupiga picha. Hili swali ndilo lilitusumbua, na najua linasumbua makarani, wahasibu, walimu, watu wa data. Ushahidi wake uko wapi? Jibu lake alilipata mwenyewe, mimi sikumsaidia. Alitengeneza jedwali la Excel la duka la kubuni, bidhaa arobaini, inakuambia yenyewe kitu gani kinakaribia kuisha na kitu gani kimekaa kwa rafu mpaka kinakula doo ya watu. Hakutumia hata namba moja ya pale alifanya atachmenti, na hapo alikuwa amechanuka, juu siri za mwajiri si zako kuanika, na majina na namba za wateja zinalindwa na sheria ya data ya 2019. Akaandika aya tatu akieleza venye jedwali linafanya kazi. Akaposti. Halafu akaingia kwa duka la jumla la shosho mmoja Mutindwa, akamwekea hilo jedwali kwa laptopu ya mjukuu, bure, akamfuata kwa mwezi mzima. Sasa akaweza kuandika kitu ya ukweli: nimepanga stoo ya duka la jumla, na hiki ndicho kilibadilika.

Tulimtafuta na yule alikuwa anamsimamia kwa atachmenti, tukamwomba kwa adabu aandike mistari miwili. Wengi wanaogopa kuomba hii. Yule mama alijibu siku hiyo hiyo, na akashangaa hakuombwa mapema. Imeli nayo tukafungua mpya yenye majina mawili ya kitambulisho tu, na faili ya CV ikaitwa jina lake na neno CV, sio "mpya kabisa ya mwisho 4". Simu ikiita na namba geni anashika, anasema jina lake. Haya ni madogo na yanachukua nusu saa. Usiyalenge.

Tukapita pia kwa posti zake za zamani. Hakukuwa na mabaya mengi, lakini kulikuwa na matusi ya msimu wa kura, ya kurushia watu wa kabila fulani, aliyoyashea akiwa na miaka kumi na nane bila kufikiria. Akayafuta akilia. Hatukufuta juu ya mdosi peke yake. Tulifuta juu yalikuwa mabaya, na kuna mtu aliyasoma siku ile.

Kuna kitu naulizwa sana na mayuti: nikitaka kuonekana wa maana, niache Sheng? Mimi Sheng ndiyo ilinilea, kwa hivyo nitakujibu kutoka kwa roho. Lugha ya mtaa si uchafu wa kupanguswa. Shujaaz imekuwa ikitoka kwa Sheng tangu 2010, stori ya DJ Boyie, kijana wa mtaa mwenye hana kazi na anarusha redio kutoka kejani kwao, na hiyo kazi imeshinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Ghetto Radio inabonga Sheng asubuhi mpaka usiku na inauza matangazo. Safaricom wenyewe waliita pointi zao Bonga. Fundi akirekodi video ya TikTok akieleza tofauti ya chuma nyembamba na chuma nzito, anaongea venye anaongeanga Light, na watu wanamwamini juu ya hiyo. Akiandika kotesheni ya shule, anaandika Kiswahili sanifu ama Kizungu, tarehe juu, saini chini. Sista yangu vile vile. Mlango wa mtu unaubisha venye mwenye nyumba anaskia. Ukirudi base, rudi na lugha yako mzima.

Na sasa wakora. Ukijianika mtandaoni kwamba unatafuta kazi, watu wazuri wanakuona na wabaya pia. Mimi niliwahi kuingia boksi. Nilikuwa nimetarmaki miezi minane, nikapata meseji kwamba nimechaguliwa, niende orofa fulani tao na ngiri tatu za usajili na za kupimwa afya. Mathe alikopa hiyo doo kwa chama. Wiki iliyofuata ile ofisi ilikuwa tupu, na tulikuwa kama vijana ishirini kwa ngazi tukiangaliana, kila mtu ameshika bahasha yake ya kaki. Kuna msichana alikuwa ametoka Machakos na nauli ya kwenda tu. Tulimchangia ya kurudi.

Kwa hivyo naomba tuskizane hapa. Mwajiri wa kweli hakuitishi doo ndio akuajiri, iwe ya yunifomu, ya mafunzo, ya faili, ama ya chai. Wakijiita ajensi, angalia kama wameandikishwa na National Employment Authority, hasa kama kazi ni ya nje. Picha ya kitambulisho usiirushe kwa fomu yenye hujui mwenyewe. Na hii nayo wengi hawajui: sheria ya ajira ilibadilishwa 2022, mwajiri hafai kukudai zile vyeti za kusafishwa jina, kama ya HELB na ya polisi, kabla akupe ofa ya kazi. Kuna vijana wanakopa kila mwaka kulipia karatasi zenye hazisomwi na mtu. Hiyo doo ingekuwa bando ya miezi na nauli ya intavyuu.

Pahali pa kusaka papo bila kulipa mtu. Kwa X kuna ile hashitegi ya #IkoKaziKE, watu wanatupa nafasi hapo kila siku, za ukweli na za uongo, kwa hivyo macho wazi. Ajira Digital ya serikali iko na vituo vya kufundisha mayuti kazi za mtandaoni. LinkedIn yenyewe, badala ya kungoja tangazo, sista yangu alianza kusoma watu wa stoo wanaandika nini na kuwajibu kwa heshima, pale alikuwa na kitu ya kuongeza. Hakuomba kazi. Aliuliza maswali ya kazi. Mmoja wao, meneja wa godauni la dawa huku Industrial Area, alifungua lile jedwali la shosho wa Mutindwa, akamwandikia akimuuliza kwa nini alipanga safu ya tatu vile. Wakabonga kuhusu hiyo safu siku mbili. Nafasi ilipotokea miezi minne baadaye alimwita, na kwenye intavyuu hawakumuuliza kama ana bidii.

Miezi minne, naitaja makusudi. Fundi naye alikaa wiki sita na katalogi yake nzuri kabla simu ya kwanza ya mgeni kuita. Wiki ya tano alitaka kuacha. Alisema bando zinaisha na broka angalau humletea mtu. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa tupige picha ya ile kitanda ya chuma alikuwa amemaliza. Kitanda ndicho kilileta ile simu. Alikuwa mtu wa Ruai anataka vitatu, na alipofika Light alikuwa ameshika simu na ramani imewashwa, akiangalia kila mlango, mpaka akafika kwa fundi akauliza jina la kwa kibao kana kwamba wanajuana.

Mabroka bado wanapita. Fundi anafanya nao kazi akitaka, kwa bei yake. Kijana wa mkono ndiye sasa anapiga picha nyingi, na amekuwa mkali kuliko mimi. Hakuna kitu inapakiwa kwa pikapu bila yeye kuzunguka nayo kwanza. Juzi alikataa picha yangu, akasema jua lilikuwa limenipita.

Kesho niko Light mapema. Kuna ngazi ya mzunguko inatoka, imekaa mwezi mzima, na mwisho wa chuma cha kushikia fundi ameweka kichwa cha twiga. Jua hufika pale nje saa tatu na robo hivi. Nimewaambia pikapu ingoje.